Mchezo wa «1942»: tuusifu au tuulaumu?

Mchezo tunaotaka kuupima leo ni mzee kuliko vijana wengi wanaoucheza. Ulitengenezwa Japani mwaka 1984 na kampuni ya Capcom, ambayo wakati ule ilikuwa bado changa, maana iliundwa mwaka 1983, na jina lake ni tarakimu tupu: 1942. Zamani ulichezwa ndani ya masanduku makubwa yaliyotiwa sarafu. Sasa watu wanaucheza nyumbani, kwa maana Capcom yenyewe iliutia katika mkusanyo wa michezo yake ya kale uitwao Capcom Arcade Stadium, uliotoka mwaka 2021. Hivi watoto wanaupata kwa urahisi. Kwanza wanaucheka kwa sababu ya picha zake ndogo ndogo, halafu wanakaa nao saa nzima. Wazazi wanauliza: kuna nini humo? Swali hilo ni la haki. Halijibiwi kwa kusema «ni mchezo tu», wala kwa kusema «ni upuzi wa vita».

Tueleze kwanza namna yake, kwa ajili ya wale wasioujua. Kioo ni kirefu kwenda juu, si kipana kama kile cha sinema. Wewe unaongoza ndege moja, nawe unaiona kutoka juu, kana kwamba umekaa mawinguni. Chini yake ni bahari, mara kisiwa, mara msitu. Nchi hiyo inateremka daima kutoka juu ya kioo kwenda chini, na huwezi kuisimamisha wala kurudi ulikotoka. Uko kama mtumbwi uliokwisha kukamatwa na mkondo. Unaweza kwenda kushoto na kuume, mbele kidogo na nyuma kidogo, basi. Kifungo kimoja ni cha risasi, na cha pili tutakisema sasa hivi. Ndege za adui zinashuka kutoka juu, nyingine zinatokea pembeni, na nyingine, kubwa, zinapanda kutoka nyuma yako, pale usipotazama. Risasi moja yatosha kukuangusha.

Michezo ya kupiga risasi ilikuwako kabla ya huu. Space Invaders ya mwaka 1978 ilikuwa maarufu sana, lakini mle mpigaji alikwenda kushoto na kuume tu, kama mlinzi mbele ya mlango. Baadaye Xevious ya kampuni ya Namco ilionyesha nchi nzima ikipita chini ya ndege. Capcom nayo, mwaka ule ule wa 1984, ilikuwa imekwisha kutoa mchezo wa jinsi hiyo, Vulgus, ambao leo haukumbukwi sana. Basi mtungaji wa 1942, Yoshiki Okamoto, kijana aliyezaliwa mwaka 1961, hakuvumbua safari ya kwenda juu. Yeye alitoka kampuni ya Konami, ambako alikwisha kutunga mchezo mwingine wa ndege, Time Pilot. Tuangalie basi alileta nini.

Alileta kifungo cha pili. Ukikibonyeza, ndege inainuka, inajipindua tumbo juu, inakuwa kubwa machoni kwa kuwa inamkaribia anayetazama, halafu inarudi mahali pake. Wakati wa kupinduka hivyo risasi hazikupati. Ni wokovu, lakini umepimwa: unapewa mara 3 tu, nazo zinaonyeshwa chini ya kioo kwa herufi ndogo za r, upate kuona daima akiba yako ikipungua. Jambo hili dogo ndilo moyo wa mchezo wote. Mwoga anazitumia zote 3 mara ndege za kwanza zikimjia, na taabu ya kweli ikifika, mkono wake ni mtupu. Mwenye kiburi anaziweka, anaziweka, mpaka anaangushwa akiwa nazo zote. Kati ya hao wawili yuko mchezaji mwema, anayeangalia kioo chote, si ndege iliyo karibu tu, na kujiuliza kama kuna njia ya kupita bila kutumia akiba. Mara nyingi njia iko. Mchezo huu si wa hila: kama umeangushwa, karibu daima waweza kusema ulikosea wapi. Tunaisifu haki hiyo, maana michezo mingi ya masanduku ya sarafu ilimwangusha mtu ili atoe sarafu ya pili tu.

Sifa nyingine iko mwishoni mwa kila hatua. Ndege yako inatua juu ya meli ya kubebea ndege, na hapo inaonyeshwa hesabu: katika ndege zote zilizotokea, umeangusha ngapi kwa mia. Asilimia ikiwa kubwa, malipo ni makubwa. Angalieni ubora wa shauri hili. Katika michezo mingi aliyepita amepita, hata kama alijificha pembeni muda wote. Hapa aliyejificha anafika salama, lakini anaambiwa wazi kwamba alijificha. Ndege ndogo zinashuka hadi katikati ya kioo, zinageuka, zinarudi juu zilikotoka. Ukizikosa wakati ule, hutaziona tena, na hesabu itakumbuka. Kwa hiyo mtu anajifunza kukaribia hatari kwa kiasi, naye akirudia hatua ile ile kesho, anajua kama ameendelea au hakuendelea. Hakuna haja ya kushindana na jirani. Unashindana na kazi yako ya jana.

Tuseme pia neno juu ya zile ndege nyekundu. Zinakuja kwa mstari, na ukiziangusha zote pasipo kuacha hata moja, linaanguka sanduku dogo lenye herufi POW. Mara linakupa risasi pana zaidi, mara linaleta ndege ndogo mbili kuruka kando yako, mara linaangamiza vyote vilivyo juu ya kioo. Zile ndege mbili za kando ni zawadi nzuri yenye matata, maana sasa umekuwa mpana, na wenzako hao wanapigwa kwa urahisi. Nao wakiisha kuanguka, unajiona mpweke kuliko ulivyokuwa kabla ya kuwapata. Kwa picha ndogo kama hizo, si jambo la kawaida mchezo kumtia mtu huzuni namna hiyo.

Sasa makosa. La kwanza ni urefu. Hatua ni 32, nazo zinahesabiwa kwa kurudi nyuma, kuanzia 32. Mtungaji hakuwa na vitu vya kutosha kuzijaza. Baada ya hatua nane hivi umekwisha kuona karibu kila ndege iliyomo, isipokuwa ile kubwa sana ya kupiga mabomu, Ayako, inayotokea mara chache na kukawia kuanguka. Kisha bahari ile ile, visiwa vile vile, msitu ule ule. Ugumu unaongezeka kwa wingi wa risasi, si kwa mawazo mapya. Mwalimu anayetaka darasa lake liendelee hatoi hesabu ile ile mara 32 akibadili tarakimu.

La pili ni sauti. Mdundo mkavu kama wa ngoma ya askari, unaopigwapigwa pamoja na kelele nyembamba kama filimbi, tena na tena, bila wimbo. Hatuna zaidi ya kusema juu yake.

La tatu ni kwamba watu wawili hawachezi pamoja. Wanapokezana: mmoja aanguke ndipo mwingine ashike. Mkubwa anacheza, mdogo anangoja kwa muda mrefu, halafu mdogo anaangushwa mara moja, na anangoja tena. Mwenye watoto nyumbani anajua mambo hayo yanaishia wapi. Tena, wale wanaoutafuta kwa namna nyingine wajihadhari na nakala iliyotengenezwa mwaka 1985 kwa ajili ya masini ya Nintendo. Mwendo wake una mikwaruzo, nayo ndiyo iliyowafanya wengi wauhukumu vibaya mchezo wenyewe, ambao hawakuuona.

Lakini makosa hayo ni ya kazi. Yako makubwa zaidi, nayo hayasemwi sana, maana watu wanaopenda michezo ya kale wanazungumzia vifungo na hesabu, si jina lililo mlangoni.

1942 ni mwaka wa kweli. Ndege unayoongoza ni ya kweli, ile ya Kimarekani iitwayo P-38, yenye mikia miwili. Safari yako inakwenda Tokyo, nao unaowaangusha ni Wajapani. Naam, mchezo huu ulitengenezwa Osaka na Wajapani, na mchezaji anaangusha ndege za baba zao. Inasemwa kwamba Okamoto alikusudia kuwapendeza wachezaji wa nchi za nje. Huenda ndivyo. Miaka 6 tu kabla yake, mtungaji wa Space Invaders, Tomohiro Nishikado, aliweka viumbe wa anga mahali pa adui, naye ameeleza kwamba kampuni yake haikukubali watu wapigwe risasi katika mchezo. Katika miaka 6 aibu ile ilikuwa imekwisha, au tuseme, ilikuwa imepata mlango wa kando: hapigwi mtu, inapigwa ndege.

Kwa historia, mchezo haujali. Majina ya hatua ni Midway, Marshall, Attu, Rabaul, Leyte, Saipan, Iwojima na Okinawa. Mapigano ya Midway yalitokea kweli Juni 1942, lakini hakuna P-38 iliyopigana huko, na P-38 haikuwa ndege ya kuruka kutoka juu ya meli. Ilikuwa ya jeshi la nchi kavu. Attu ilitwaliwa Mei 1943, na visiwa vya Marshall vilifuata mwanzoni mwa 1944. Mchezo umevitanguliza Marshall. Saipan ilitwaliwa katikati ya 1944, nayo majeshi yalitua Leyte Oktoba mwaka ule. Mchezo umegeuza tena. Rabaul haikutwaliwa kamwe, ilizungukwa tu, ikaachwa mpaka vita ikaisha. Iwojima na Okinawa ni za 1945. Mwaka mmoja umeandikwa mlangoni, na ndani mna minne, imechanganywa kama karata. Mtoto asijifunze historia humo.

Tungesamehe hayo. Mchoraji anayechora mlima halazimiki kuhesabu mawe yake. Lakini rudini sasa kwenye ile hesabu ya mia, tuliyoisifu. Pale juu ya meli, mchezo unakuambia umeangusha ngapi kati ya ngapi. Ndege ikipasuka, hakuna mtu anayetoka ndani yake. Hakuna mwavuli unaofunguka, hakuna anayeogelea. Kama ndivyo, kilichohesabiwa ni nini? Katika Midway ya kweli Wajapani walipoteza meli 4 za kubebea ndege na watu zaidi ya 3,000, nao Wamarekani watu 300 hivi. Kule Iwojima, kisiwa ambacho mtu angekivuka kwa miguu kwa muda mfupi, walikufa Wamarekani karibu 7,000, na Wajapani wengi kuwazidi. Kule Okinawa walikufa raia kwa makumi ya maelfu, wanawake na watoto, ambao hawakuwa na ndege yo yote. Na ile Saipan, ambayo kwetu ni jina la hatua tu: kutoka visiwa vile vya Mariana, ambamo Saipan imo, ndege za Marekani ziliruka usiku wa tarehe 9 kuingia 10 Machi 1945, zikaichoma Tokyo, na wakafa watu wanaokadiriwa kufika 100,000. Tokyo ndiyo mwisho wa safari ya mchezo wetu.

Hapa ndipo tunaona kwamba jambo zuri la mchezo na jambo baya lake ni kitu kimoja. Hesabu ile safi, isiyodanganya, inayomfanya mchezaji awe mkweli juu ya kazi yake, imekuwa safi kwa sababu imeondoa watu. Ungetia humo uso mmoja tu wa rubani, mkono wa mchezaji ungesita, na asilimia ingeshuka. Okamoto alijua kazi yake. Alitazama vita kutoka juu sana, mahali ambapo ndege ni msalaba mdogo juu ya maji, na kutoka pale juu vita ni mchezo mzuri.

Wapo watakaotujibu kwamba tunadai mno. Watasema: heri mchezo huu, maana hautukani. Nao wana neno. Tumeona filamu za vita ambamo Mjapani anaonyeshwa kama mnyama, anacheka akiua, anakufa kwa kuchekesha. Katika 1942 hakuna uso wa kuchukiwa, hakuna maneno ya matusi. Kijana anayetoka kwenye mchezo huu hatoki na chuki kwa taifa lo lote. Tunakubali. Lakini kutomchukia mtu kwa sababu hukumbuki kwamba yuko, je, huo ni wema? Sisi tunauona kuwa ni usahaulifu. Haudhuru kama chuki, ila hauna thamani ya wema.

Na asiseme mtu kwamba vita vile vilikuwa mbali nasi. Sehemu kubwa ya uranio ambayo Wamarekani waliitumia kutengeneza bomu zao za kwanza ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga yetu, na mikono iliyoichimba ilikuwa ya watu wa hapa. Bomu zilianguka Hiroshima tarehe 6 na Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945. Tena hospitali ya vita ya Wakongomani ilitumikia pamoja na jeshi la Waingereza huko Burma, ambako Wajapani walipigana. Babu hao waliwafunga vidonda watu waliokuwa na majina. Mjukuu wao anapoyasoma maneno Leyte na Okinawa juu ya kioo, afadhali ajue kwamba ni mahali.

Je, tuukataze basi? Hapana. Hatukatazi mchezo wa drafti kwa sababu vipande vinaliwa. 1942 umejengwa kwa akili, unafundisha macho na kiasi, hauna uchafu, tena hauna ule ulafi wa michezo ya simu ya leo inayomwomba mtoto feza kila dakika. Tunasema tu kwamba mtu mzima akae karibu siku moja, na ramani ya Bahari ya Pasifiki mezani, amwonyeshe mchezaji Midway iko wapi, na Saipan iko wapi, na ni umbali gani kutoka huko hadi Tokyo. Tulipofanya hivyo na vijana kadhaa, hawakuacha kucheza. Ila mmoja aliuliza kama zile ndege ndogo zinazogeuka katikati na kurudi juu zilikuwa zinakimbia. Hakuna kitabu cha maelezo kinachojibu swali hilo, nasi hatukulijibu, lakini lilitupendeza kuliko alama zake.

Imebaki kusema kwamba Capcom yenyewe iliona baadhi ya makosa yake. Mwaka 1987 ilitoa mchezo wa pili, 1943. Jina lake lote ni «Mapigano ya Midway», hivyo mwaka umekosewa tena. Lakini kwa kazi ni bora sana. Wawili wanacheza pamoja. Badala ya kufa kwa risasi moja, unayo nguvu inayopungua pole pole, hata usipopigwa, kwa hiyo uvivu nao una bei yake. Kuna meli kubwa za vita za kushambulia, ya mwisho ikiwa Yamato, ambayo katika kweli ilizama tarehe 7 Aprili 1945 pamoja na watu 3,000 hivi. Watu hawaonekani humo nao. Ila ni lazima tuseme kwamba ile haki kavu ya mchezo wa kwanza, akiba ya mara 3 na risasi moja ya kukuangusha, imelegea. Anayetaka kujua mkono wake unaweza nini atarudi kwenye 1942.

Basi anayeuanza, aridhike na hatua nane za kwanza. Humo atapata karibu yote yaliyo mazuri, na zilizobaki ni kwa wakaidi. Nyumba yenye watoto wawili itafute 1943. Na katika yote mawili sauti ipunguzwe, kwa ajili ya majirani.